Nakshi au Marinda? Istilahi za Uundaji wa Bawa la Kipepeo

Makala haya yanajadili istilahi zinazofaa kueleza jinsi magamba ya bawa la kipepeo yanavyoundwa. Ikumbukwe kuwa tangu 1993 wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, kaskazini mwa Mombasa, wamekuwa wakifuga vipepeo na kuuza mabundo ng'ambo kupitia Mradi wa Kipepeo ulioko Gede. Wafugaji hao wanastahili kuelezwa kwa Kiswahili kinachotendeka ndani ya bundo, yaani hatua iliyo kati ya kiwavi na kipepeo kamili.

Bawa hufunikwa na magamba madogo mno yaliyopandana kama makuti ya paa. Kila gamba huundwa na seli moja, na juu yake mna matuta sambamba, membamba kuliko unywele.

Neno la kwanza linalojitokeza ni nakshi. Milango ya Mji wa Kale, Mombasa, huonyesha maua na minyororo hata pasipo kupakwa rangi. Mchongo na kivuli chake vyatosha. Vivyo hivyo, buluu ya kipepeo Junonia oenone, aonekanaye Kenya, hutokana na umbile la gamba, si dutu ya buluu. Hata hivyo, fundi wa nakshi hupunguza mbao kwa patasi kutoka nje, ilhali gamba halichongwi.

Mwaka 2021, watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani, walichapisha uchunguzi wa kipepeo Vanessa cardui, apatikanaye pia Kenya. Walifungua kidirisha katika bundo, wakakiziba kwa kioo, wakatazama magamba yakikua katika kiumbe hai. Kazi yao ya 2024 ilionyesha kuwa utando wa seli, ambao mwanzoni hauna mikunjo, hujikunja unapokua, huku nyuzi za protini ya aktini zikiubana kwa mistari. Hatimaye seli hufa, likabaki gamba gumu la kitini.

Maelezo haya yanaafikiana zaidi na marinda, neno la mafundi cherehani: kitambaa kinapobanwa kwa mshono, ziada yake huinuka.

Hivyo basi, inapendekezwa kuwa nakshi itumike kwa sura iliyokamilika, na marinda kwa hatua ya ukuaji. Mwanaistilahi asiridhike na mfanano wa macho pekee. Aulize pia kitu kimetokeaje.