Mtoto Mwenye Ulemavu Naye Acheze



Ndugu msomaji, ifikapo sikukuu ya Idd madrasa zetu nyingi huandaa michezo ya watoto: mbio za magunia, kuvuta kamba, kukimbia na ndimu kwenye kijiko. Aghalabu utamwona mtoto mmoja ameketishwa pembeni, soda mkononi, akiwaangalia wenzake. Huyo haoni, au ni kiziwi, au ana mtindio wa ubongo. Waliomketisha wana nia njema, wanaogopa asiumie. Mwingine hakuletwa kabisa, kaachwa nyumbani kwa kuonewa haya. Leo tutazame, Inshaallah, namna ya kumshirikisha bila kumhatarisha.

Mafunzo ya dini

Abdullah bin Umm Maktum (r.a.) alikuwa kipofu. Aya za mwanzo za Suratu Abasa ziliteremka kwa sababu yake. Mtume (s.a.w.) alimfanya muadhini pamoja na Bilal (r.a.), na alipokuwa safarini alimwachia kuwaswalisha watu Madina. Hakuwekwa pembeni kwa kuwa haoni. Basi nasi tusiwaweke watoto wetu pembeni.

Faida kwa afya

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto wa miaka 5 hadi 17, wakiwemo wenye ulemavu, wautumikishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Mtoto anayekalishwa tu misuli yake hudhoofu, uzito huongezeka, na roho humsononeka kwa upweke.

Tubadili mchezo

1. Asiyeona akimbie na mwenzake, wakishika ncha mbili za kamba fupi. Mpira wake utiwe njuga ili ausikie.

2. Kiziwi haisikii filimbi. Mwamuzi apunge kibendera mahali anapoonekana.

3. Anayetumia kiti cha magurudumu au magongo arushe mpira kwenye ndoo, na wenzake wote warushe wakiwa wameketi. Hapo wamekuwa sawa.

4. Mwenye usonji husumbuliwa na makelele. Vipaza sauti vipunguzwe, aoneshwe uwanja siku moja kabla, na iwepo sehemu tulivu ya kupumzikia.

Tahadhari

Siku chache kabla ya michezo, mwalimu azungumze na mzazi kwa faragha: mtoto anaweza nini, anatumia dawa gani, nini humdhuru? Mzazi naye asifiche.

Mwenye selimundu anywe maji mara kwa mara, apumzike kabla hajachoka, na asikae na nguo mbichi. Mwenye pumu dawa yake ya kuvuta iwe karibu, si nyumbani kabatini. Mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu, achezee kivulini au asubuhi mapema jua likiwa bado halijawa kali.

Mwenye kifafa akianguka, ondoeni vitu vya kumuumiza, mlazeni ubavu, wala msimtie kijiko wala kidole mdomoni. Degedege likizidi dakika 5, apelekwe hospitali haraka.

Usafi

Kagueni choo kabla ya siku yenyewe. Je, kiti cha magurudumu kinapita mlangoni? Kuna mahali pa kujishika? Maji na sabuni vinafikiwa na aliyeketi? Mtoto anayejua kuwa choo hakimfai hujinyima maji kutwa nzima, na kwenye jua hilo ni hatari. Achaguliwe pia mtu mzima wa kumsaidia, anayejulikana na wazazi, naye amsitiri.

Zawadi

Zawadi zisiishie kwa mshindi wa mbio. Lakini pia msimpe mtoto huyu zawadi ya huruma kwa kukaa tu kitini. Apewe kwa alichokifanya, kama wenzake.

Mzazi mwenzangu, Idd ijayo usimwache mwanao nyumbani. Nawe mwalimu, ukipanga michezo, anza na yule ambaye mwaka uliopita alikaa pembeni.

Wabillahi tawfiiq.