SIKU YA WANYAMA

Kila mwaka, tarehe 4 Oktoba, watu wa nchi nyingi huikumbuka Siku ya Wanyama Duniani. Hawaiadhimishi kwa ajili ya mfalme, wala kwa ajili ya vita iliyoshindwa, bali kwa ajili ya viumbe visivyoweza kujisemea: ng'ombe, punda, mbwa, kuku, na wanyama wa porini. Huenda mmoja wenu akauliza, "Wanyama wana haja gani ya sikukuu?" Basi, somo hili litamjibu.

Asili ya siku hiyo ni hivi. Palikuwa na mwandishi mmoja wa Ujerumani, jina lake Heinrich Zimmermann, aliyekuwa na gazeti juu ya mbwa. Yeye alitengeneza mkutano katika mji wa Berlin, tarehe 24 Machi 1925, nao waliokuja walipita watu 5,000. Alipenda kuufanya tarehe 4 Oktoba, kwa kuwa ndiyo sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi, aliyefariki mwaka wa 1226, ambaye husimuliwa kuwa aliwaita ndege na wanyama ndugu zake. Lakini ukumbi haukupatikana siku hiyo. Hata mwaka wa 1929 siku ikahamishwa, ikawa 4 Oktoba. Na mwaka wa 1931 mkutano wa walinzi wa wanyama, uliokutana Florence katika Italia, ukakubali iwe siku ya dunia nzima.

Sisi tukaao Nyamagana tunayo mahali pa kujifunzia jambo hili. Ukisimama ufuoni karibu na Capri Point, utaona kisiwa kidogo chenye mawe makubwa. Ndicho Saanane, nacho chaitwa kwa jina la mzee Saanane Chawandi, aliyekaa huko zamani. Mwaka wa 1964 serikali ilikifanya kisiwa hicho kuwa bustani ya wanyama, ya kwanza katika nchi yetu; na mwaka wa 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Huko pimbi hujianika juani juu ya mawe, na swala hula majani bila kufukuzwa na mtu.

Lakini ziwa letu lina kisiwa kingine chenye habari kubwa zaidi, nacho ni Rubondo, upande wa magharibi wa Mwanza. Kati ya mwaka wa 1966 na 1969 Profesa Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, aliwaleta huko sokwe 17 kutoka Ulaya. Sokwe hao walizaliwa katika misitu ya Afrika, wakakamatwa wangali wadogo, wakapelekwa ng'ambo kukaa katika vizimba. Wengine walikaa humo miaka mingi. Basi, walipofika Rubondo, milango ikafunguliwa, wakaachwa huru.

Je, yote yalikwenda vema? Sivyo. Sokwe waliozoea wanadamu hawakuwaogopa tena, na madume wawili waliwashambulia watu, hata wakapigwa risasi. Wengine walijifunza tena kutafuta matunda na kujitengenezea vitanda vya majani juu ya miti. Wakazaa, na vizazi vyao wanaishi katika msitu huo hata leo. Fikirini habari hii. Wale madume wawili hawakuomba kutiwa kizimbani. Mwanadamu ndiye aliyewaondoa kwao, na mwishowe wao ndio waliolipa kwa uhai wao. Kuharibu maisha ya mnyama ni kazi ya siku moja. Kuyatengeneza tena ni kazi ya miaka, wala si mara zote huwezekana.

Sasa na tutazame karibu zaidi, maana si kila mtu ataonana na sokwe, bali kila mmoja wetu huonana na punda au kuku. Mtazame punda akokotaye mkokoteni wa maji kupanda kilima. Ikiwa kamba inamkata begani, kidonda hakiponi, kwa sababu kila asubuhi kamba ile ile hurudi mahali pale pale. Mwenye punda hudhani mnyama ni mvivu, naye huongeza fimbo. Kumbe punda si mvivu, ana maumivu. Akimpumzisha siku chache, akakisafisha kidonda na kuweka kitambaa laini chini ya kamba, mnyama atafanya kazi kwa miaka mingi.

Tazama tena kuku wapelekwao sokoni, wamefungwa miguu na kuning'inizwa vichwa chini juu ya baiskeli. Je, ni kazi kubwa kuwatia katika tenga? Na ng'ombe apigwaye sana njiani hufika mnadani ana majeraha. Nyama yake huvilia damu, na ngozi yake hupungua bei. Hivyo mkatili hujiibia mwenyewe.

Huenda mtu akasema, "Sisi hula nyama, na maksai hutulimia mashamba. Je, hayo pia ni ukatili?" Jibu ni hili: kumtumia mnyama si sawa na kumtesa. Mfugaji mwema wa Usukuma hulijua kila ng'ombe kwa rangi yake na tabia yake, huwapeleka majini kwa wakati, naye husikitika mmoja akiugua. Ukatili ni kumtia mnyama maumivu pasipo haja, au kumnyima mahitaji yake hali yeye hawezi kujitafutia.

Mahitaji hayo wataalamu wa Uingereza waliyaandika mwaka wa 1979 katika mambo matano, nayo yamekubaliwa katika nchi nyingi: mnyama asione njaa wala kiu, awe na mahali pazuri pa kukaa, asiachwe na maumivu, jeraha wala ugonjwa, apate nafasi ya kufuata tabia ya asili yake, tena asiishi kwa hofu. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumpiga mnyama kikatili na kumtwika mzigo upitao nguvu zake.

Kumtunza mnyama ni kumtunza mtu pia. Karibu watu wote wapatao kichaa cha mbwa ulimwenguni huambukizwa na mbwa, na dalili zikiisha kuonekana, mgonjwa haponi. Lakini katika kila mbwa 100 wakichanjwa 70, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Basi, usimpige mawe mbwa apitaye. Mpeleke wa kwenu akachanjwe. Na mtu akiumwa na mbwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile.

Watoto, siku ya tarehe 4 Oktoba ni moja tu, na punda hukokota mzigo siku zote. Mwenye nguvu hujulikana kwa jinsi amtendeavyo asiye na nguvu. Kesho utakapoipeleka mifugo majini, ingoje hata mnyama wa mwisho anywe na kushiba, ndipo uirudishe.

MASWALI

1. Kwa nini mkutano wa kwanza haukufanywa tarehe 4 Oktoba?
2. Sokwe wa Rubondo walitoka wapi, nao walipatwa na mambo gani?
3. Eleza tofauti kati ya kumtumia mnyama na kumtesa. Toa mifano miwili ya mahali unapokaa.
4. Taja mahitaji matano ya mnyama. Je, mnyama wa nyumbani kwenu hupungukiwa na lipi?
5. Mwenzako ameumwa na mbwa. Utafanya nini kwanza, na baadaye nini?