Mgeni wa vichakani: namna ya kumsikiliza alfajiri

Mvua za Novemba zikishika Ukambani, amka mapema. Vichakani kuna mgeni anayeimba kwa nguvu zake zote kabla ya saa moja asubuhi, kisha hunyamaza karibu kutwa. Ni Luscinia luscinia, naitingeli wa Ulaya ya mashariki na Siberia, ndege wa kahawia mwenye gramu 25 hivi. Huvuka Kenya usiku. Kule Ngulia, Tsavo Magharibi, wenzake wamekuwa wakivishwa pete miguuni na kuachiliwa tangu 1969.

Mtafute kuanzia katikati ya Novemba hadi Krismasi, na tena mwisho wa Machi anaporejea kwao. Usipande vilima vya Iveti. Shuka nyanda kavu za Yatta, ufuate kijito cha msimu mahali kichaka kimefungamana hadi chini na majani makavu yametanda. Jioni ya kuamkia siku hiyo mwarifu mwenye shamba, maana mtu asiyejulikana akionekana gizani kando ya boma atazua taharuki.

Fika saa kumi na moja na nusu alfajiri, uzime tochi, usimame hatua 15 hivi kutoka kichakani. Kwanza utasikia tok, tok, tok, nzito na ya polepole, halafu filimbi, halafu mchakacho kama wa kayamba. Usiingie kumfuata. Atanyamaza, nawe hutamwona.

Kosa kubwa ni kumchezea sauti yake kwenye simu. Wimbo huu ndio atakaoutumia kumwita jike mwezi Mei, maelfu ya kilomita kutoka hapa. Akidhani dume mwingine amevamia kichaka chake, atahangaika bure na kuchoma mafuta aliyojiwekea kwa safari. Nakusihi, usifanye hivyo hata mara moja.

Ukishamzoea, tega sikio kwa msafiri mwenzake, Acrocephalus palustris, mdogo zaidi, rangi ya udongo. Huyu ananivutia kuliko wote: akiwa huku hujifunza sauti za ndege wetu, kisha akifika Ulaya humbembeleza jike kwa kuziiga, hata zaidi ya nusu ya ndege anaowaiga ni wa Afrika. Ukisikia sauti za ndege unaowajua zikitoka upesi upesi chini kichakani, moja ikikatishwa na nyingine kabla haijaisha, huenda ndiye. Andika tarehe, saa na mahali, uzipeleke kwa Kenya Bird Map, mradi wa ramani ya ndege wa Kenya.