Tovuti ya Sweta za Sufi Mpakani: Jinsi ya Kuijenga na Kulipwa Bila Kupoteza Pesa

Leo tuko Malaba na Busia, upande wa Kenya. Tunataka tuongee na wewe unayetengeneza kitu kwa mikono yako na unafikiria kufungua tovuti ili ulipwe kwa simu. Mfano wetu ni sweta, kofia na shali za sufi ya kondoo. Lakini hata kama unauza vikapu, asali au mikeka, mambo ni yale yale.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Malaba anayefuma kwa mkono. Tumwite tu Mama Sweta. Yeye hanunui uzi wa plastiki wa dukani. Anaagiza manyoya ya kondoo kutoka nyanda za juu, kama Nyandarua na Molo, kwenye kondoo wa sufi. Kondoo wengi wa huku kwetu Busia ni wa nyama, nywele zao ni fupi na hazisokoteki. Manyoya yakifika anayaosha, anayachambua, anayasokota, ndipo anaanza kufuma. Kazi ni nyingi, na bei haiwezi kuwa ya mtumba.

Sasa shida iko hapa. Busia na Malaba mchana kuna joto. Mtu anayepita sokoni akivuja jasho hatanunua sweta nzito. Wateja wa Mama Sweta wako mbali: dereva anayepanda Timboroa usiku, mama mwenye mtoto mchanga Limuru, mzazi Eldoret, mtu wa Kampala anayetafuta zawadi. Hao hawawezi kukiona kibanda chake. Ndiyo maana anahitaji tovuti.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya bei kwanza

Usianze na rangi za tovuti. Anza na kalamu na daftari. Sweta moja ya mtoto, kwa mfano, inaweza kuwa hivi:

- Uzi: KSh 700
- Vifungo: KSh 50
- Kazi ya mikono: KSh 900
- Kufunga mzigo na boda hadi stage: KSh 100
- Ada za malipo na data: KSh 50

Jumla ni KSh 1,800. Ukiuza KSh 2,500, unabaki na KSh 700. Kumbuka manyoya machafu yana mafuta ya kondoo na vumbi. Ukishayaosha uzito unapungua sana, kwa hivyo usihesabu kilo uliyonunua kama kilo ya uzi. Wengi wanaingia hasara hapo bila kujua.

Hatua ya 2: Usiseme "asilia" bila ushahidi

Neno hili linauza, na ndiyo sababu linatumiwa vibaya. Afrika Mashariki ilipitisha kiwango chake cha bidhaa za kilimo hai mwaka 2007, na kuna alama ya Kilimohai inayotolewa kwa wazalishaji waliokaguliwa. Kama wewe au mfugaji wako hamjakaguliwa, usiibandike alama hiyo kwenye tovuti yako. Hiyo ni kumdanganya mteja, na siku akigundua umempoteza yeye na jirani zake.

Badala yake andika kile unachoweza kukithibitisha. "Sufi ya kondoo kutoka Nyandarua, imesokotwa kwa mkono Malaba, rangi ni ile ya kondoo mwenyewe." Sentensi kama hiyo ina nguvu kuliko maneno makubwa. Ukitaka mteja aamini zaidi, mfundishe kujaribu uzi mwenyewe: akichoma kipande kidogo cha uzi wa sufi, kinanuka kama nywele iliyoungua na majivu yake yanavunjika kwa vidole. Uzi wa plastiki unayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Afanye hivyo mbali na watoto, juu ya sahani.

Hatua ya 3: Kurasa tano zinatosha

Wateja wako wengi watafungua tovuti kwa simu, tena kwa bando dogo. Ukurasa mzito unamla data na anaondoka. Weka hivi:

1. Mwanzo. Picha moja nzuri, sentensi mbili za unachouza, na kitufe cha kuagiza.
2. Bidhaa. Kila bidhaa na picha, bei, saizi kwa sentimita, na siku ngapi itachukua kufuma.
3. Jinsi ya kulipa. Tutarudi hapa.
4. Jinsi ya kupata mzigo. Unatuma kwa njia gani, nani analipa usafiri, na nini kinafanyika saizi ikikosea.
5. Sisi ni nani. Mahali ulipo, namba ya simu, saa za kupokea simu.

Picha piga nje asubuhi, kwenye kivuli chenye mwanga, juu ya kitambaa cheupe au mkeka. Piga mbele, nyuma na karibu ili mshono uonekane. Kabla ya kupakia, punguza ukubwa wa picha kwa programu ya simu.

Usisahau maelezo ya kufua. Sweta ya sufi ikifuliwa kwa maji moto na kusuguliwa inaganda na kurudi saizi ya mwanasesere. Andika wazi: maji ya baridi, sabuni laini, usikamue kwa kusokota, anika ikiwa imelala. Mistari hiyo itakuokoa na ugomvi wa kurudishiwa pesa.

Hatua ya 4: Mpakani, andika shilingi ya nani

Hili ni la watu wa huku. Tuseme Mama Sweta ameandika kwenye tovuti "2,500/=" basi. Mteja anatoka Tororo, amefurahi na bei, anavuka. Anafika na 2,500 ya Uganda mkononi. Kumbe bei ni ya Kenya, na kwa pesa za Uganda ni zaidi ya 50,000. Mteja anaona ametapeliwa, mama anaona amepotezewa wakati, na hakuna aliyekosea kwa makusudi.

Kila mahali weka KSh au USh mbele ya namba. Ukiweka bei zote mbili, andika tarehe uliyobadilisha kiwango, na ukirudie kila wiki. Kiwango kikisogea na tovuti ikibaki nyuma, hasara ni yako.

Hatua ya 5: Ukurasa wa malipo

Hapa ndipo pesa inapatikana au inapotea. Tunakuomba usome polepole.

*Tumia till au paybill, usitumie namba yako binafsi.* Pesa ya biashara ikichanganyika na ya chama na ya karo, hutajua kama unapata faida. Pia mteja akiona jina la biashara kabla ya kuweka PIN anapata imani. Kwenye tovuti andika: "Kabla ya kuweka PIN, hakikisha jina linalotokea ni hili," kisha uweke jina lako la biashara lilivyosajiliwa.

*Kila oda iwe na namba.* Sweta tatu zikilipwa siku moja kwa bei moja, utajuaje nani amelipia ya bluu? Mpe mteja namba ya oda na umwombe akutumie msimbo wa malipo pamoja na namba hiyo.

*Usiamini SMS ya mteja.* Matapeli wanatunga ujumbe unaofanana kabisa na wetu. Mazungumzo ya kila siku ni haya:

"Mama, nimeshatuma. Ona ujumbe huo. Mpe boda mzigo, niko na haraka."

"Sawa mwanangu, asante. Ngoja niangalie kwa simu yangu kwanza."

Jibu hilo la pili ndilo tunalotaka ulizoee. Angalia salio au taarifa ya akaunti yako mwenyewe. Kama pesa haipo, mzigo hautoki, hata akipiga simu mara kumi. Mteja wa kweli hatakasirika kwa dakika mbili.

*Pesa "iliyoingia kwa makosa".* Mtu anapiga, anasema ametuma zaidi, anaomba umrudishie kwenye namba nyingine. Usitume. Angalia kwanza kama kweli imeingia. Kama imeingia, mwambie afuate utaratibu wa kurudisha muamala kupitia huduma kwa wateja. Ukituma mwenyewe kwa namba nyingine, halafu aliyetuma akadai muamala wake urudishwe, unaweza kulipa mara mbili.

*Malipo ya nusu.* Kwa sweta ya kuagizwa, chukua nusu kwanza. Kwa bei ya KSh 2,500, mteja analipa KSh 1,250 unapoanza na KSh 1,250 kabla mzigo haujatoka. Andika hivyo kwenye tovuti, si kwa mdomo tu.

*Wateja wa ng'ambo.* Usidhani kila laini ya Uganda itaweza kulipa till ya Kenya. Mwombe ndugu au rafiki wa upande ule ajaribu na kiasi kidogo kabla hujatangaza. Na wewe mwenyewe, ukiwa karibu na mpaka simu yako inaweza kushika mtandao wa jirani. Muamala ukikwama, angalia jina la mtandao juu ya skrini, uchague wa kwako kwenye mipangilio, kisha uangalie salio kabla ya kujaribu tena.

*Hakuna mahali pa kuandika PIN kwenye tovuti.* Ombi la malipo linatokea kwenye simu ya mteja, na PIN anaiweka pale kwenye simu yake. Fundi akikuwekea kisanduku cha PIN kwenye ukurasa, mwambie akitoe siku hiyo hiyo. Sisi pia hatutakuuliza PIN, kwa simu wala kwa ujumbe.

Hatua ya 6: Mzigo unaovuka

Vituo vya Busia na Malaba ni vya pamoja: maafisa wa nchi zote mbili wanakukagua sehemu moja, upande wa nchi unayoingia. Kwa mfanyabiashara mdogo kuna utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha ya pamoja, mzigo ukiwa hauzidi thamani ya dola 2,000, zinapata cheti rahisi cha asili ya bidhaa pale mpakani na hazitozwi ushuru wa forodha. Kodi nyingine zinaweza kuwepo. Kabla ya kuahidi wateja bei ya kufikishiwa Kampala, pitia dawati la taarifa za biashara mpakani na uulize kama bidhaa yako iko kwenye orodha. Kupita njia za panya ili kuokoa nusu saa kunaweza kukugharimu mzigo wote.

Hatua ya 7: Tovuti iwe yako, si ya fundi

Hili limewaliza wengi. Fundi anasajili jina la tovuti kwa barua pepe yake, analipwa, anahama. Mwaka ukiisha jina linahitaji kulipiwa tena na wewe huna hata nywila. Mbaya zaidi, mtu mwenye nywila hiyo anaweza kubadilisha namba ya till usiku mmoja, na wateja wako wakamlipa yeye.

Majina yanayoishia na .ke yanasimamiwa na KeNIC na unayanunua kupitia wauzaji walioidhinishwa. Sajili kwa jina lako, barua pepe yako na simu yako, na lipa mwenyewe ili risiti ibaki kwako. Fundi mpe nafasi ya kufanya kazi, na akimaliza badilisha nywila na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Hakikisha anwani inaanza na https. Halafu kila Jumatatu fungua tovuti yako kwa simu ya mtu mwingine na usome namba ya till tarakimu kwa tarakimu. Ni dakika moja tu.

Na data za wateja? Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Chukua jina, simu na mahali pa kupeleka mzigo, basi. Usibandike picha za SMS za malipo zenye majina na namba za watu ili kuonyesha kwamba unauza.

Kabla ya kufungua, jijaribu

Omba mtu asiyejua biashara yako aagize kofia moja kwa simu ndogo na bando lake. Kaa kimya umwangalie. Je, amepata bei bila kuuliza? Amejua ni shilingi ya Kenya? Ameona jina sahihi kabla ya PIN? Wewe umeiona pesa kwenye akaunti yako, si kwenye SMS yake? Popote alipokwama, rekebisha hapo kabla ya kuongeza kitu kingine.

Tovuti haitafuma sweta. Lakini ikijengwa vizuri, dereva aliyeegesha lori Malaba anaweza kuagiza leo usiku, akalipa kwa amani, na akachukua mzigo wake atakaporudi kutoka Kampala. Mama Sweta naye atalala akijua pesa iliyoingia ni pesa kweli.

Ukipata ujumbe wa malipo unaoutilia shaka, usijibu na usitoe mzigo. Tupigie kwanza. Tukutane somo lijalo.