MAZIWA HAYAOSHI MAPAFU

Katika sehemu nyingi za kazi zenye vumbi kuna desturi ya kuwagawia wafanyakazi maziwa. Husemwa kwamba maziwa "huosha vumbi kifuani". Jambo hili si kweli, tena lina madhara. Mwajiri akishatoa maziwa huona amemaliza wajibu wake, na kibarua naye hudhani amekingwa.

Tazama mwili ulivyo. Shingoni mna njia mbili. Moja ni umio, unaopeleka chakula tumboni. Nyingine ni njia ya hewa, iendayo mapafuni. Maziwa hupita kwenye umio. Yakikosea yakaingia njia ya hewa, unapaliwa. Kwa hiyo vumbi lililoingia mapafuni hubaki pale pale. Maziwa ni chakula kizuri, nani atayakataa? Lakini yahesabiwe kuwa chakula, si kinga.

Chukua mfano wa kiwanda cha mkonge. Majani hukwanguliwa na korona, singa huanikwa juani, kisha hupelekwa chumba cha brashi. Hapo mashine husugua singa kavu, na vumbi hutimka. Mtu hutoka nyusi zote nyeupe. Vumbi nene hunaswa puani. Vumbi jembamba ndilo linaloingia ndani kabisa. Shirika la Kazi Duniani limeyaweka maradhi ya kifua yaletwayo na vumbi la pamba na la mkonge katika orodha yake ya magonjwa ya kazini.

Dalili za mwanzo, ambazo zinajulikana zaidi kwa wafanyakazi wa pamba, zina ujanja. Mtu amepumzika Jumapili. Jumatatu, baada ya saa chache kazini, kifua kinabana na kikohozi kinaanza. Siku zinazofuata anapata nafuu, basi anapuuza. Miaka ikipita, kubanwa huku huwa kwa kila siku, na mwisho pumzi humwishia hata akichota maji. Akifika hapo, hakuna dawa ya kuyarudisha mapafu kama yalivyokuwa. Sigara huzidisha.

Sisi waganga wa zahanati nasi tuna kosa. Mara nyingi tunatoa dawa ya kikohozi bila kumwuliza mgonjwa anafanya kazi gani.

Je, mwajiri afanye nini? Kwanza azuie vumbi pale linapozaliwa: mashine ifunikwe, na iwekwe feni ya kulivuta vumbi kabla halijafika puani. Vumbi hilo likusanywe, lisipulizwe nje kwenye nyumba za wafanyakazi. Sakafu isifagiliwe kavukavu. Barakoa ni kinga ya mwisho, nayo iwe ya kuzuia vumbi hasa, si kipande cha kanga. Mwajiri aitoe bila malipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka pia awapime afya wafanyakazi wake kabla ya kuwapangia kazi na mara kwa mara baadaye. Feni ina gharama, hilo twalijua. Lakini gharama ya kukosa feni hulipwa na kifua cha kibarua.

Maji ya korona nayo yasisahauliwe. Katika kila kilo 100 za majani, singa ni kama kilo 4 tu. Zinazobaki ni makapi na maji. Yakimwagwa mtoni huoza na kumaliza hewa ndani ya maji. Samaki hufa, na walio bondeni hukosa maji ya kunywa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mito dhidi ya uchafu wa namna hii. Makapi hayo yana faida: huko Hale, wilaya ya Korogwe, yamewahi kutumika kutoa gesi ya kuzalisha umeme.

Nawe mfanyakazi, tafuta daftari. Andika siku kifua kilipobana, saa ngapi, na ulikuwa kwenye mashine gani. Fanya hivyo kwa majuma manne, kisha njoo nalo zahanati. Ukikohoa majuma mawili au zaidi, ukatoka jasho usiku na kukonda, usingoje daftari lijae. Njoo mara moja upimwe makohozi, maana huenda ni kifua kikuu. Ugonjwa ukionekana umetokana na kazi, mwajiri ataarifiwa, na madai yapelekwe Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Michango ya Mfuko huo hulipwa na mwajiri. Mshahara wako haukatwi.