Ufundi au Mwanya? Vidokezo 7 kwa Wachezaji wa Gemu za Michezo Mtandaoni

Umefungwa goli lile lile mara tatu. Winga anakimbia hadi mstari wa mwisho, anarudisha mpira nyuma, straika anamalizia. Unaitupa padi kitandani na kusema jamaa anatumia kasoro ya gemu. Huenda ni kweli. Huenda pia amekuzidi tu. Kabla hujaanza mechi nyingine, pitia vidokezo hivi.

1. Jiulize kama jibu lipo

Kipimo ninachokiamini ni hiki: mpinzani akishajua unachotaka kufanya, anaweza kukuzuia? Kama anaweza, huo ni ufundi, hata ukiudhi namna gani. Chukua goli hilo la winga kwenye EA Sports FC. Wengi wetu tukiona winga anakaribia mstari, tunamtoa beki wa kati kumkimbilia, na papo hapo tunamwachia straika nafasi tupu karibu na doa la penalti. Jibu lipo: mwachie beki wa pembeni amsumbue winga, wewe mwongoze kiungo mkabaji wako, mrudishe ndani ya boksi na umsimamishe kwenye njia ya pasi. Ukifanya hivyo mara mbili, jamaa ataanza kutafuta njia nyingine.

Sasa linganisha na kilio cha wachezaji wa FIFA 18, gemu hiyo hiyo kabla haijabadilishwa jina kuwa EA Sports FC. Ulikuwa ukifunga goli, mpinzani anaanzisha mpira katikati, na mabeki wako wanakuwa bado hawajajipanga. Anapenya moja kwa moja na kusawazisha. Ulijua kinachokuja, ukakiona kinakuja, na bado ulikuwa na machache sana ya kufanya. Hiyo ndiyo kasoro.

2. Kupaki basi kunaruhusiwa

Anayeongoza 1-0 na kupiga pasi za nyuma kuanzia dakika ya 80 anachosha, nakubali. Lakini timu halisi zinafanya hivyo kila wikendi. Mkabie juu, ukubali hatari ya kupigwa kaunta, na uache kumtumia ujumbe wa matusi.

3. Kaba kwa mikono yako

Hapa ndipo mechi nyingi zinapoamuliwa, na ndipo watu wengi hawataki kujifunza. Kumwita mchezaji wa pili akakabe kwa niaba yako ni rahisi, lakini kila anapotoka kwenye nafasi yake anaacha shimo. Kwenye PlayStation, shikilia L2 ili beki arudi kinyumenyume huku akimtazama mwenye mpira. Usirukie. Mwache yeye aguse mpira vibaya kwanza. Jizoeze pia kuchagua beki kwa kijiti cha kulia badala ya kusubiri gemu ikuchagulie. Wiki ya kwanza utafungwa sana, lakini uvumilie, maana kukaba kwa namna hii kutakufaa hata toleo jipya likitoka.

4. Usijenge mchezo wako wote juu ya mbinu moja

Kwenye FIFA 19 ilikuja mbinu ya kubonyeza kitufe cha shuti mara ya pili, kwa wakati sahihi, ili shuti liwe kali na lenye shabaha. Waliokuwa wameizoea walifunga kutoka umbali wa ajabu. EA ikatoa sasisho na kuipunguza nguvu. Aliyekuwa anajua kupanga shambulizi aliendelea kufunga. Aliyekuwa na shuti lile tu alilazimika kujifunza mpira upya.

5. Msome Ross Chastain, kisha uamue mwenyewe

Oktoba 30, 2022, kwenye uwanja wa Martinsville, Virginia, dereva huyu wa Marekani alikuwa nafasi ya 10 katika mzunguko wa mwisho. Alihitaji kuwapita wawili ili aingie kwenye kundi la wanne wanaowania ubingwa wa mbio za magari za NASCAR. Akaweka gia ya tano, akalilaza gari kwenye ukuta wa nje na kukanyaga mafuta bila kuachia, ukuta ukamzungusha kona yote huku wenzake wakifunga breki. Akapita magari matano na kufuzu. Baadaye alieleza kwamba wazo hilo lilitoka utotoni, alipokuwa akicheza gemu ya NASCAR 2005 kwenye GameCube.

Ndani ya gemu ile, ukuta haukuwa na maumivu wala gharama, ndiyo maana ujanja ulifanya kazi. Kwenye mbio halisi, dereva aliweka mwili wake rehani. Ninauheshimu ujasiri wake, lakini kwa kipimo cha kidokezo cha kwanza ule ulikuwa mwanya, si ufundi: wenzake wangemjibu vipi, isipokuwa kwa kuyagongesha nao magari yao ukutani? NASCAR iliona hivyo pia. Januari 2023 ilitangaza kwamba atakayerudia ataadhibiwa kwa kuongezewa muda, kwa kanuni ya usalama iliyokuwepo tayari.

6. Haya hayana mjadala

Kuchomoa waya unapofungwa, kuchezea intaneti kusudi ili gemu igande kwa mwenzako, kutumia vifaa kama Cronus Zen vinavyokubonyezea vitufe kwa wakati sahihi: huo ni udanganyifu, tusiupambe kwa jina jingine. (Bando likikukatikia kweli katikati ya mechi, hilo ni jambo jingine. Mwombe mwenzako radhi, mrudiane.)

Kumpa mtu mwingine akaunti yako akuchezee ni kundi hilo hilo. Mwezi Mei 2020, dereva wa mbio za magari ya umeme za Formula E, Daniel Abt, alimweka mtaalamu wa gemu, Lorenz Hörzing, aendeshe kwa jina lake kwenye mashindano ya mtandaoni. Ikagundulika. Abt aliondolewa matokeo, akaamriwa atoe euro 10,000 kwa hisani, na timu yake ya Audi ikamsimamisha. Kumbuka yale yalikuwa mashindano ya kuburudisha watu wakati wa korona.

7. Kubalianeni kabla ya mechi ya kwanza

Kwenye banda la PS kila mtu anajua utaratibu: aliyefungwa anampisha mwingine, na ukizima mashine kwa hasira, mwenye banda anakushughulikia. Mtandaoni hakuna mwenye banda. Kwa hiyo, mkianzisha ligi ya marafiki, andikeni kwenye kundi lenu la WhatsApp: anayekatika anahesabiwa vipi, ukabaji wa zamani wa kumfuata mtu kwa kitufe kimoja unaruhusiwa au la, na kasoro ikigunduliwa katikati ya msimu itafanywaje. Amueni mapema, kabla yeyote hajafungwa.

Na ukikutana na kasoro ya kweli, hifadhi klipu, itume kwa watengenezaji kupitia sehemu ya kuripoti, kisha usiitumie hata ukiwa nyuma kwa magoli mawili. Mpinzani wako naye amejinyima usingizi ili acheze mpira. Mpe mechi.