Aliyeweza kufunga saa 13 anashindwa nini Shawwal?

KILA mwaka, mara tu baada ya sala ya Iddi, huonekana jambo la kushangaza katika viwanja vyetu vya mjini. Mtu aliyekaa mwezi mzima bila kugusa sigara tangu alfajiri hadi magharibi, saa 13 na ushei, hata viatu hajamaliza kuvaa, tayari amewasha kiberiti. Wanafunzi wangu huniuliza: Ustadh, kama sigara inamtawala mtu, mbona Ramadhani anaiweza? Na kama anaiweza, mbona Shawwal inamshinda?

Wengi hujibu haraka kwamba ni udhaifu wa imani. Mimi jibu hilo silikubali.

Kwanza tutazame mwili. Nikotini, yaani kile kitu kilichomo katika tumbaku kinachomfanya mtu aitamani tena na tena, hupungua katika damu kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi. Mfungaji anapofika Alasiri imebaki kidogo sana, ndiyo maana kichwa kinamuuma na maneno yake ni makali. Lakini jua likizama anavuta, hesabu inaanza upya. Anayeacha kabisa hapati nafuu hiyo. Kwake ugumu hufika kileleni siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua taratibu kwa wiki tatu au nne. Mfungaji hajawahi kuifikia siku ya pili.

Pili, na hili kwangu ndilo kubwa, Ramadhani mtu hafungi peke yake. Mkewe amefunga, jirani amefunga, kijiwe cha kahawa mchana hakina watu, na hakuna anayemnyooshea pakiti. Mwezi wa Iddi ukiandama anarudi kijiweni akiwa na nia yake tu mkononi, wenzake wote wanavuta. Suratul Asr tunaisoma sana kwa kuwa ni fupi, lakini tuangalie inavyowaeleza waliosalimika na hasara: ni watu wanaousiana haki na kuusiana subira. Ni kuusiana, si kila mtu kujiusia kivyake.

Mwaka 2025, baada ya Ramadhani, watu wanne wa darsa letu la baada ya Magharibi walikubaliana kuacha siku moja. Dereva wa daladala, fundi cherehani, kijana wa chuo, na mzee mstaafu aliyevuta tangu ujana wake. Mimi sivuti, kazi yangu ilikuwa kushika daftari la siku na kupokea simu. Sharti lilikuwa moja: mtu apige simu kabla ya kuwasha, si baada. Hamu ya sigara hata iwe kali vipi, mara nyingi hupita ndani ya dakika chache. Mazungumzo ya mpira yanatosha kuivusha. Aliyekosa wa kumpigia alitia mswaki mdomoni, akanywa maji, akatembea.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kahawa. Moshi wa sigara hulifanya ini liondoe kafeini mwilini upesi. Ukiacha kuvuta, kasi hiyo inashuka, na kahawa ile ile uliyoizoea inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Mzee wetu alikuwa na vikombe sita kwa siku. Wiki ya kwanza mikono ikamtetemeka, moyo ukamwenda mbio, usingizi ukapotea. Mtu mmoja akamwambia ni jini la sigara linadai haki yake (hawa hawakosekani). Tukamwomba apunguze hadi vikombe vitatu, vyote kabla ya Adhuhuri. Akalala.

Siku ya tisa dereva aligombana na abiria, akanunua sigara moja kituoni. Siku tatu hakuonekana msikitini. Wapo waliosema aachwe, hana nia, tena anajua kuwa ni haramu. Ni kweli anajua. Wanazuoni wengi wa zama hizi wameiharamisha sigara kwa madhara yake, na Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Hakuna kati ya wanne wale aliyebisha. Hukumu ndiyo iliyowaanzisha, lakini haikai na mtu kituoni saa kumi jioni. Na tunajua habari ya yule mlevi aliyeletwa kwa Mtume (s.a.w.), watu wakamlaani, naye akawakataza wasiwe wasaidizi wa shetani dhidi ya ndugu yao.

Mzee na fundi walimfuata kituoni. Mzee akamwambia, "Mwanangu, umevuta moja. Usiifanye ishirini." Jioni ile akaja. Lilizuka swali kama aanze kuhesabiwa upya. Mimi zile siku nane sikuzifuta daftarini, nikaendelea kuandika chini yake.

Niongeze kwamba anayevuta nyingi, hasa anayeanza pale tu anapoamka, amwone daktari. Zipo dawa za nikotini za kutafuna na za kubandika ngozini, ambazo tangu 2009 zimo katika orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo hilo. Hazipatikani kila duka la dawa, na kuzitumia si aibu.

Watatu walivuka wiki ya nne. Kijana wa chuo alihamia kwenye shisha akidhani ameacha. Shisha ni tumbaku, harufu ya matunda isimdanganye mtu. Bado anakuja darsani, hukaa karibu na mzee, na mzee humpigia simu kila siku baada ya Alasiri, saa ambayo wenziwe hutoka kwenda kuvuta.